Ile Maji ya Robine na Kachungu ka Mama Yako

Mwape, mama yangu,

Kesho asubui unaondoka. Ninasikia nasenge wako, dada yangu, kule mbele ya nyumba, anapigia banamuke kelele juu ya kufunga bitu byako, sawa vile yeye ndiye anaolewa. Mimi nimekimbia. Nimekuja kuikala huku nyuma, pa ule mutumbwi wetu wa zamani wenye ulipasuka. Jua lingali juu kidogo. Karatasi nimeitia pa magoti. Mutu akipita, ninakamata nyavu, ninajifanya niko nashona.

Usicheke maandiko yangu. Kuandika nilifundishwa kule Elisabethville, ku masomo ya batu ba kazi, na kule balitufundisha mu Swahili. Bemba yangu iko mu kinywa tu, haijafika ku mukono. Lakini herufi zangu zinasimama! Mwalimu alizoea kuinua kitabu changu mbele ya bote, anasema, "Angalieni, huyu mutu wa ziwa la Mweru anaandika sawa anajenga ukuta." Bon. Barua haijafika mbali na nimeshajisifu. Nitajisifu tena, ninajijua. Wewe endelea kusoma.

Sitakuambia namna ya kusalimia mama mukwe, wala mambo ya chumvi, wala namna ya kukunja nguo za Kasuba bwana wako. Hayo nasenge wako amekutwangia wiki muzima mpaka mimi mwenyewe ningeweza kuolewa. Mimi niko na neno juu ya mama yako. Na juu ya maji.

Juzi ulikuwa umeikala mu nyumba na nasenge wako. Alitosha kale kachungu kadogo ka udongo kenye bibi-arusi wa kwetu anapewa na upande wa baba yake, akakatia mu mikono yako yote mbili. Mimi nilikuwa inje, chini ya dirisha. Nasenge akakuambia, "Humu ndimo utachemushia maji ya kunawa mikono, wewe na bwana wako. Mutu wa tatu asikaone. Na chunga, usije ukakaharibu kama mama yako."

Na wewe ukajibu mbio, bila kuwaza: "Mimi siko mama yangu."

Nasenge akapiga makofi. Banamuke bote balicheka, balikusifu. Dirisha lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa na kinywa. Niliangalia miguu yangu.

Kwetu baba haongee na binti yake juu ya kale kachungu. Ni haya, na hata sasa shingo yangu iko inawaka. Lakini hii haya ni ndogo. Kuna ingine, yenye nimebeba tangu ungali unatambaa, na ninataka uisikie mbele ya kufika kule, sababu unaenda ku sité ile ile ya Elisabethville, kwenye Kasuba anafanya kazi, ku robine ile ile ya bomba, ku maji ile ile.

Mama yako hakuharibu kitu. Nitaandika tena, usifikiri mukono umeteleza: mama yako hakuharibu kitu. Ni mimi.

Nilipofika Katanga nilikuwa kijana wa nguvu. Balinitia ku kazi ya shodiere, lile pipa kubwa la chuma lenye linachemusha maji ya kuendesha mashini. Sasa sikia juu ya maji ya kule. Inaonekana safi kuliko ya ziwa letu. Unatia kidole mu kikombe, unaona mpaka mustari wa ukucha. Lakini iko na jiwe ndani, yenye jicho halioni. Ukichemusha, maji inakwenda juu na moshi, jiwe inabaki. Mu shodiere inashika ku tuyo, yale mabomba ya ndani, nyeupe, kwanza nyembamba sawa karatasi, kiisha inanenepa sawa ganda la konokono. Kama mutu haitoshe inje, tuyo inaziba, chuma inapasuka, batu banakufa. Kwa hiyo kila mwezi balizima moto, balingoja chuma ipoe, na mutu mumoja aliingia ndani na taa na nyundo ndogo, akagonga ile jiwe mpaka yote ianguke. Balitaka mutu mwembamba, mwenye hakuogopa giza, mwenye mukono wake unajua wapi chuma na wapi jiwe.

Ule mutu alikuwa mimi. Kapita, mukubwa wetu wa kazi, aliniita Daktari wa Shodiere. Muzungu wa mashini alizoea kutia mukono wake ndani kupapasa kazi yangu, akautosha, akatikisa kichwa, hakupata pa kunitukana. Tangu pale mpaka leo hakuna mutu aligonga jiwe kama mimi, na kama Kasuba akikuambia kuna mwingine, umwambie anadanganya.

Shika hili neno: ile jiwe niliijua. Nilijua harufu yake. Nilirudi nayo nyumbani mu nywele na mu masikio.

Mama yako alinifuata kutoka Kabuta, kijiji chao pa kando ya ziwa, na wewe ku mugongo wake. Nilikuwa nimepewa nyumba ya matofali, byumba bibili, na robine iko pa kona, ya nyumba zote za mustari wetu. Niliringa mbaya sana. Nilimupeleka pa robine siku ile ile ya kufika, nikaifungua mimi mwenyewe, nikasema, "Unaona? Hakuna kwenda ku ziwa. Hakuna mamba. Unafungua tu." Alikunywa mu kiganja, akafanya uso. "Iko na uzito," akasema. Nikamwambia hajazoea bitu byema.

Kesho yake alifua shati zangu. Sabuni ilikataa kutoa povu. Alipaka, akapaka tena, na juu ya maji kukatoka utando wa kijivu wenye ulishika ku beseni na ku mikono yake. Shati zilikauka ngumu, ungeweza kusimamisha moja pa mulango ikakaa yenyewe. Chai ilifanya ngozi. Birika ilianza kuwa nyeupe ndani. Maharagi ilichemuka tangu asubui mpaka mangaribi, na bado ililia mu meno. Na wewe mwenyewe, mikono yako midogo ikawa ya majivu-majivu, akakupaka mafuta ya mawese kila siku.

Mimi nilisema nini? Nilisema, "Bibi, ile sabuni unaikula?"

"Bashi Mwape, si mimi," akasema. Aliniita vile siku zote, baba ya Mwape, kwa heshima ya kwetu. "Ni maji."

"Maji! Na banamuke bengine banachota wapi? Mu mbingu?"

"Nao banalia. Baulize."

"Siulize banamuke ba batu."

Unanijua. Ukiniambia kitu mara moja, ninakataa. Mara mbili, ninakataa na nguvu. Mara tatu, ninakuwa mutu wa kanisa, ninahubiri.

Jirani yetu alikuwa Mama Ngalula, Muluba mukubwa wa mwili, sauti yake ilifika mbele yake. Pa robine alizoea kuchekea bageni: "Karibu, mama! Maji yetu hii haifui nguo, inafua mutu!" Yeye ndiye alionyesha mama yako dawa. Mu mustari wetu kulikuwa muzee mumoja tayere, mushona-nguo, mwenye mguu mubaya, alikuwa peke yake. Nyumba yake ilikuwa na mabati mazuri na pipa chini ya mabati. Maji ya mvua haina jiwe. Mvua ikinyesha, tayere alipiga pipa na kijiti, banamuke ba mustari banakuja na ndoo, banakinga, banamushukuru, banarudi. Mama yako naye alikwenda.

Tangu siku ile, mu nyumba yetu maharagi iliiva. Shati zikalainika. Na mimi, Mwape, unajua nilifanya nini? Nilijisifu ku kazi. Nilisema, "Mutu akijua kukamata bibi yake bizuri, bibi anajifunza kupika." Nilisema vile mbele ya batu benye meno yao yalikuwa yanauma juu ya maharagi ya kwao.

Mumoja wao akanijibu, "Daktari, si wewe ulimufundisha. Uliza tayere."

Bote balicheka. Ilikuwa neno la maji tu, sasa ninajua, kila mutu alijua habari ya pipa. Mimi tu sikujua, sababu mimi siulize. Nilicheka nao. Lakini lile neno liliingia ndani na kushika, na kila siku likanenepa kidogo.

Nikaanza kuangalia mama yako. Mvua inanyesha, anasimama mbio, anakamata ndoo. Nikawaza: anakimbilia nini? Anarudi analowana, anacheka na Mama Ngalula. Nikawaza: anacheka nini? Sikumuuliza hata siku moja. Kuuliza ningejua, na mimi sikutaka kujua, nilitaka kukamata.

Bon. Siku moja nilitoka ku kazi mapema. Mama yako alikuwa pa robine. Nikaingia mu chumba, nikatosha kachungu chini ya kitanda. Mwanaume hashike kale kachungu peke yake, ni kazi ya bibi. Nikakashika. Nikakapeleka pa mulango, pa mwangaza. Ndani kalikuwa keupe. Tangu chini mpaka nusu, weupe wenye kukauka, na alama moja juu ya ingine, sawa mustari yenye ziwa inaacha ku majani.

Unajua vile batu ba kwetu banasema: kale kachungu kanaona. Mumoja wa nyumba akitoka inje ya ndoa, kenyewe kanabadilika. Mama ya mama yangu alinifundisha vile, na kake alikuwa nako mpaka kufa, keusi, kanangaa.

Mama yako aliingia na ndoo ku kichwa. Aliona mikono yangu.

"Wee! Rudisha pale. Nani alikuambia ukashike?"

"Hii ni nini?"

"Ni ile ya maji. Angalia birika, Bashi Mwape. Birika iko nayo, ni kitu kimoja."

"Birika haijaolewa," nikasema.

Na alicheka. Alisikia maneno ya kuchekesha, na ukweli, kama mutu mwingine angeyasema, yangechekesha. Alifikiri niko ninacheza. Mimi nikasema mu roho: anacheka mbele ya dhambi yake.

Niliita bazee batatu ba kwetu, batu ba Mweru benye balikuwa kule sité. Balikuja siku ya Yenga baada ya ibada, baliikala ku viti byetu. Nilitia kachungu pa katikati, pa macho ya bote. Kitu chenye mutu wa tatu hapashwi kuona! Mama yako alifunika uso wake na kitambaa. Kiisha alisimama, akaenda ku jikoni, akarudi na birika mu mikono mbili, akaitia pembeni ya kachungu, akatosha kifuniko. Hakusema mingi. Alisema, "Baba zangu, angalieni yote mbili."

Bazee baliangalia. Mukubwa wao alipapasa ndani ya birika na kidole, akapapasa ndani ya kachungu. Akawaza. Kiisha akanigeukia mimi, na heshima kabisa. "Daktari," akasema, "hapa kati yetu, wewe ndiye unajua maji na moto. Ni kazi yako. Hii ya kachungu ni ile jiwe ya maji, ao ni kitu kingine?"

Mwape, soma hapa pole pole.

Balikuwa bananiuliza mimi. Mama yako alitosha kitambaa pa uso na kuniangalia, na niliona amepumua, sababu aliwaza: sasa tumepona, bwana wangu anajua ile jiwe kuliko batu bote ba Katanga. Nilitia ukucha mu kachungu, nikakwangua. Ilianguka mu kiganja changu. Mukono wangu uliijua palepale. Uzito wake, ile unga yake. Siku tatu mbele ya hapo nilikuwa nimelala ndani ya shodiere na ile unga mu pua.

Nikasema, "Hapana. Jiwe ya maji ni ngumu. Hii ni kitu kingine."

Ni vile tu. Siwezi kukuambia juu ya nini. Nimetafuta. Nilikuwa nimeshaita bazee, baliacha chakula chao, nilikuwa nimeshasema maneno makubwa. Kama ningesema "ni maji," ningekuwa mujinga mbele yao, Daktari wa Shodiere mwenye hakutambua jiwe mu nyumba yake. Niliona afazali mama yako akuwe mubaya kuliko mimi nikuwe mujinga. Nimeandika. Sasa iko pa karatasi.

Bazee baliniamini, nikamufukuza mama yako. Alirudi na lori la bale batu ba kuuza samaki, mpaka ku ziwa, kiisha bwato ya kuvuka maji mpaka Kabuta. Wewe nilikubakiza. Kwetu mutoto ni wa upande wa mama, hiyo kila mutu anajua, na mujomba wako angeweza kuja kukukamata na haki yake yote. Lakini balikuwa na haya, baliinamisha vichwa, habakuja. Nilipata nguvu mu haya yao. Nilikupeleka kwa nasenge wako hapa Nchelenge, akulishe na ile habari.

Tena niliandika barua ku bazee ba kanisa ya Kabuta, na hizi herufi zangu. Kwa ile barua balimukataza mukate na kikombe. Tangu pale mpaka leo anaikala ku benchi ya nyuma, pa mulango, na banamuke benye kugombana na batoto benye kulia. Hii yenye unasoma ni barua yangu ya pili ya maana mu maisha yangu.

Nilipobaki peke yangu kule, nilipashwa kuchota maji mimi mwenyewe. Mwanaume na ndoo mu mustari wa banamuke! Mama Ngalula aliniona, akaweka mikono ku kiuno.

"Daktari! Leo unachota? Na ile bibi ingine, haijafika?"

"Hakuna bibi ingine."

"Basi ulifukuza ya kwanza juu ya nini? Ya kupika bizuri?"

Banamuke bakacheka. Nikasema, mu hasira, nikasema ile habari ya tayere na kachungu. Mama Ngalula hakucheka tena. Alizima robine. Maji ilibaki inatona tu.

"Sikia, mwanaume," akasema. "Bibi yako alikuwa na ndoo mbili za mvua mu nyumba, na bado alikuja hapa kila mangaribi na kopo moja. Kopo moja tu ya hii maji mubaya. Nilimuuliza, weye uko na akili? Tumia ile ya mvua. Akaniambia, 'Mama, ile ni ya kupika na kufua. Kuna kazi moja mu nyumba yangu, siwezi kuitilia maji ya pipa la mwanaume mwingine.' Sikujua kazi gani. Sasa umenifundisha."

Alifungua robine tena, akanijazia ndoo yangu mpaka juu, akaitia ku kichwa changu yeye mwenyewe, sawa vile ninakuwa mutoto.

Unaelewa, Mwape? Kama angetumia maji ya tayere, kachungu kangebaki keusi, safi, kanangaa kama kale ka mama ya mama yangu. Kalikuwa keupe sababu alikuwa mwaminifu. Alichagua maji yenye jiwe, juu yangu. Nilibeba ile ndoo mpaka nyumbani, maji ikinimwagikia mu macho, na nilikuwa ninajua yote. Tangu siku ile sikuweza kusema "sikujua."

Ningeandika barua palepale. Nilisema, nitaongea siku nitarudi kwetu. Nikarudi. Nikasema, nitaongea wakati mutoto atakuwa mukubwa. Nikajenga nyumba hii, nikapata nyavu tatu, batu banasimama nikipita, na kila kitu nilipata kilifanya neno likuwe nzito zaidi kulitosha. Ule mwenye kuwa na cheo kidogo anaogopa sana, mama. Sikujua vile. Nilifikiri ni kinyume.

Unakumbuka siku ile ku soko ya Kashikishi? Ulikuwa na myaka kama kumi. Mama yako alitokea kati ya batu, alikuwa na samaki mbili za ziwa, zile tunaita pale, za kukausha, kazifunga mu majani. Akakunyoshea. Wewe ukatia mikono nyuma ya mugongo. "Baba alisema nisikamate," ukasema, wazi, na sauti muzuri ya masomo.

Hakulia. Aliniangalia juu ya kichwa chako. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari, nilikuwa na maneno. Akasema, "Bashi Mwape, mikono ya mutoto inakauka. Umupake mafuta." Akaenda zake. Zile samaki aliziacha pa meza ya mutu wa chumvi.

Mafuta sikununua. Nilikataa sababu yeye ndiye alisema.

Kasuba ni kijana muzuri, ninamupenda, lakini naye siku moja atapewa jina kubwa ku kazi, na ataingia nalo mu nyumba. Na weupe utauona mu kachungu. Utauona, wala haitakawia. Usikwangue kwa kificho ukifikiri unachunga amani. Umuite, muangalie pamoja, na birika pembeni, kungali muchana, mungali munacheka. Mama yako alifanya bizuri kunionyesha birika. Hakukosa mahali. Alikosa mutu wa kumuonyesha.

Juzi, baada ya lile neno lako "siko mama yangu," nilikamata kinga, baiskeli yangu, nikaenda Kabuta. Nasenge alifikiri ninaenda kuangalia nyavu. Nilifika. Mama yako alikuwa pa kando ya ziwa, anageuza samaki juu ya majani, na mujomba wako pembeni anatengeneza mutumbwi. Nilishuka ku kinga. Mujomba wako akasema, "Bashi Mwape, karibu," akangoja. Na mimi nikauliza samaki zinauzwa namna gani siku hizi. Nikanunua kifungu chenye sina kazi nacho. Nikarudi. Ule mutu mwenye kuingia mu shodiere mu giza na nyundo, ndiye alirudi na kifungu cha samaki.

Kwa hiyo nimeongea na mwenye bwato. Kesho hamutavuka moja kwa moja kwenda Kilwa, ule upande wa pili wa ziwa. Bwato itafuata kando kwanza mpaka Kabuta. Nasenge wako hajui, usimuambie, atapiga kelele mpaka samaki zitoroke. Mimi nitaikala mbele, na koti langu. Nitashuka mbele yako. Mama yako atakuwa pale, na mujomba wako, na bazee ba kanisa nimebatumia neno bakuje. Nitasema mbele yao mu Bemba, tangu shati ya kwanza mpaka leo. Kiisha wewe utafanya na mama yako vile roho yako inakuambia, na mimi sitakuwa na neno hapo. Sikulombe unirehemu mimi. Ninalomba tu usivuke ziwa na lile neno lako.

Hii barua nitakupa mbele ya kupanda bwato, uisome mu njia. Uishike mu mukono, usiifunge mu bitu. Kama tukifika, na unaniona naanza kuongea juu ya nyavu ao bei ya samaki, usiningoje. Simama usome. Geuza mu Bemba, neno kwa neno, na ile sauti yako ya masomo. Kujisifu kwangu unaweza kuruka, kuko mingi, batachoka. Lakini usiruke pale mukubwa wa bazee aliniuliza juu ya jiwe, na vile nilijibu. Hata kama mama yako akikuambia basi, imetosha, wewe soma mpaka mwisho.

Ukimaliza, mujomba wako atanigeukia. Ninamujua, ni mutu wa maneno machache. Ataniuliza, "Bashi Mwape, ni kweli?" Kwa Bemba kujibu ni neno moja: Chine, ndiyo kweli. Nimelijaribu mara mingi hapa pa mutumbwi, peke yangu, na sauti kubwa.

Linatoka.

Baba yako